Boti ya mama kabla ya rangi

Boti ya mama ilikuwa imeshakosa zamu mbili.

Kwenye ufuko wa Kituku, hapa Goma, boti zinazopeleka watu na mizigo kisiwa cha Idjwi huondoka kwa zamu. Zamu zinaandikwa kwa chaki kwenye ubao mweusi uliopigiliwa ukutani, kwenye kibanda cha chama cha wenye boti. Ukikosa zamu ya kwanza, watu wanakupa pole. Ukikosa ya pili, wanakusalimia upesi na kupita. Ukikosa ya tatu mfululizo, namba yako inafutwa, anayengoja anaandikwa mahali pako, na wewe unakwenda mwisho wa orodha ya wanaongoja. Mama anaijua orodha hiyo. Alikaa ndani yake muda mrefu kuliko mimba zetu sisi watoto wanne zikijumlishwa, akiuza ndizi za watu wengine zilizoletwa na boti za watu wengine.

Zamu ya kwanza tuliikosa kwa ajili ya injini. Ya pili tuliikosa kwa ajili ya matundu: boti ilikuwa imerudi kutoka kisiwani na maji yanayofika kifundo cha mguu, na abiria waliposhuka viatu mkononi, mkubwa wa zamu alimwambia mama asiipakie tena mpaka itengenezwe. Ya tatu ilikuwa Alhamisi. Siku ya Jumamosi, bila mtu kunishurutisha, nilimwambia mama kwamba nitaziba matundu yote na kuipaka boti rangi mpya kabla ya hiyo Alhamisi.

Inanipasa niseme mimi ni fundi wa namna gani. Naziba masufuria. Sikufundishwa na mtu. Nilianza na sufuria yetu wenyewe, pale nyumbani Katoyi, kwa sababu ilivuja maharagwe na sikuweza kuvumilia ile sauti ya tone likianguka kwenye moto. Nikatafuta video kwenye simu. Niliziangalia bila sauti, maana wengi wa mafundi wale walisema lugha nisizozijua, nikajifunza kwa kutazama mikono yao tu. Majirani wakaanza kuniletea vyombo vyao. Nikiisha kuziba sufuria ya mtu naijaza maji, naiacha, naiangalia, naimwaga, naijaza tena. Kuna mara nilimfuata mama mmoja hadi kwake, nikabisha hodi wakati familia inakula, nikaomba kuona chini ya sufuria. Wali ulikuwa ndani. Aliinyanyua nikachungulia, watoto wake wakicheka. Hakukuwa na kitu. Nilirudi nyumbani na aibu, lakini nililala vizuri.

Boti ni chombo kingine. Ilikuwa ya alumini, ndefu kama lori dogo. Mama aliinunua ikiwa tayari imezeeka, kutoka kwa watu waliokuwa wanamaliza kazi yao huku na kuondoka. Ilikuwa imepakwa rangi juu ya rangi: bluu, chini yake kijani, chini yake nyeupe. Mtu fulani zamani alikuwa amefunga viti vyake kwa skrubu za chuma, na chuma kikikaa na alumini ndani ya maji, alumini ndiyo inayoliwa. Hilo nililijua kutoka kwenye masufuria yenye mikono ya chuma. Nilikuwa na hakika kwamba matundu yote yatakuwa penye skrubu.

Jumamosi tuliiweka boti juu ya matairi manne, nikamwaga ndani ndoo za maji ya ziwa, nikalala chini yake kwenye mawe meusi na kungoja. Penye tone, niliweka nukta kwa rangi yangu nyekundu ya kucha, maana chaki inafutika na maji. Nilipata nukta saba. Sita zilikuwa penye skrubu, kama nilivyosema. Nilizihesabu mara tatu, nikazipiga picha, na jioni nikamwambia mama: saba. Mama aliipenda namba hiyo. Alisema hata mutu asiye fundi anaweza kufunga matundu saba.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Katika video niliyoifuata, mwanamume mmoja aliisafisha boti yake mpaka alumini ikang'aa, ndipo akaziba, ndipo akapaka rangi. Alikuwa anasema jambo akiwa anasafisha, tena alilisema kwa kidole juu, lakini kama nilivyosema, mimi sikuweka sauti. Niliona tu kwamba ilikuwa inang'aa. Na mimi nimezaliwa Goma. Huku msichana anapimwa kwa sehemu ya nje ya sufuria zake. Mgeni akiingia uani anaziona zimepangwa juani zimefudikizwa, na kama zina weusi wa moshi, hasemi kitu, lakini amesema. Kwa hiyo tangu utoto tunazisugua kwa majivu na ule mchanga mweusi wa volkano, ambao una makali kama chupa iliyosagwa. Mama alinifundisha hivyo, naye alifundishwa hivyo alipofika hapa kutoka Butembo.

Niliipindua boti kwa msaada wa watu, nikakwangua rangi, kisha nikachukua mchanga mweusi na gunia lililolowa, nikaisugua boti ya mama kama sufuria. Nilisugua Jumapili baada ya misa. Nilisugua Jumatatu kuanzia asubuhi. Kulikuwa na unga mweupe ulioshika kwenye alumini kama ukurutu, niliung'oa wote. Kucha zangu ziliisha. Kila nilipomaliza kipande nilirudi kwenye kipande cha kwanza, kwa sababu cha pili kilikuwa kimekipita kwa kung'aa. Watu walisimama kuangalia. Boti ilikuwa inarudisha jua usoni mwao.

Kijana mmoja mwenye boti ya mbao alikuwa anakuja kila siku. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaongoja, yaani tukikosa Alhamisi, nafasi ni yake. Hakuficha. Alikaa kwenye jiwe akila muwa na kunitazama.

"Ma sœur, hii ni boti ao ni sufuria ya arusi?"

Ufukoni kila msichana huitwa dada kwa Kifaransa. Nikamwambia aende kuangalia mbao zake kama hazijaota uyoga.

"Mbao yangu iko inangoja tu," akasema. "Endelea kusugua. Sugua muzuri."

Niliendelea. Nakiri nilikuwa na furaha. Sijawahi kufanya kitu kikubwa hivyo kikawa kizuri hivyo.

Jumatatu alasiri tuliigeuza tena, nikamwaga maji ili nilinganishe matundu yangu saba na zile picha, maana nukta nilikuwa nimezisugua pia. Nikalala chini. Tone moja lilinipata kwenye shavu, jingine kwenye nywele, jingine kwenye shingo. Nilifikiri maji yamemwagika ukingoni. Nikafungua macho vizuri. Chini ya boti ya mama kulikuwa kunanyesha.

Nilihesabu thelathini na nane.

Nilielewa palepale, bila video. Matundu yale yalikuwepo zamani, madogo kama ncha ya sindano, na ule unga mweupe pamoja na rangi tatu za miaka mingi ndivyo vilivyokuwa vimeyaziba. Mimi nilikuwa nimetoa uchafu wote, na uchafu ndio uliokuwa unazuia ziwa. Pengine penye alumini nyembamba zaidi, mchanga wangu ndio uliomalizia kutoboa. Na sasa naamini kile alichokisema yule mwanamume kwa kidole juu kilikuwa hicho.

Yule kijana alikuwa amekwenda, namshukuru Mungu. Nilimwaga maji upesi kabla hajarudi.

Sikumwambia mama. Alipouliza jioni, nilisema bado kidogo. Hayo yalikuwa maneno yangu kamili, bado kidogo, na niliyasema nikiwa nachambua mboga ili nisimwangalie.

Jumanne nilifanya jambo baya zaidi. Wenye moto wa Goma, yaani waendesha pikipiki, wanajua kwamba tangi la mafuta likivuja, unasugua kipande cha sabuni ya kufulia juu ya ufa, na mafuta yanakoma mpaka ufike kwa fundi. Nilichukua sabuni ya mama. Nikaipindua boti, nikasugua sabuni kwenye yale matundu madogo yote, thelathini na moja, nikalainisha kwa kidole gumba, nikafungua kopo la rangi ya bluu, na nikaanza kupaka kuanzia nyuma. Nilijiambia kwamba rangi itaishika sabuni ndani. Nilijua si kweli. Mkono wangu ulipaka vizuri sana, mistari imenyooka, hakuna tone lililotiririka, na kadiri ilivyokuwa nzuri ndivyo nilivyozidi kuamini kile nisichokiamini.

Mama alikuja saa sita na sahani ya ugali na sambaza, vidagaa vya ziwa letu. Aliiona ile bluu. Aliweka sahani chini, akazunguka boti pole pole, akapitisha kiganja hewani karibu na rangi bila kuigusa. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha chama. Niliona kwa mbali akizungumza na mkubwa wa zamu na kuonyesha upande wetu kwa mkono mzima. Aliporudi alikuwa anatembea kama mtu aliyeshusha gunia. Alisema amewaambia kwamba Alhamisi tupo, na amewaambia pia wauza mananasi wa kisiwani, kwa simu, wakate.

Sahani ile niliifunika nikaisogeza kando.

Wakati rangi inakauka nilifanya jaribio ambalo ningepaswa kulifanya kabla. Katika sehemu ambayo sikuwa nimepaka, nilichukua bakuli bovu lisilo na kitako, nikalisimamisha juu ya tundu moja lenye sabuni, nikafunga kingo kwa udongo, nikalijaza maji, nikangoja. Haikupita saa moja. Chini yake lilitoka tone jeupe kama maziwa, kisha jingine, kisha maji safi. Kutoka Goma hadi Idjwi ni zaidi ya saa moja.

Kulikuwa bado na yale matundu saba makubwa, na hayo nilijua namna ya kuyaziba kwa haki. Unakata kiraka cha alumini. Mimi nilikata vya kwangu kutoka chini ya sufuria zilizokufa. Unaweka chini yake kipande cha mpira wa ndani wa tairi, uliopakwa gundi nyeusi ya magari. Unatoboa kwa kekee ya mkono, unapitisha ribiti, yaani kijiti kifupi cha waya nene ya alumini chenye kichwa upande mmoja, halafu unakigonga upande wa pili mpaka kiwe na kichwa kama uyoga. Lakini sufuria naishika mwenyewe magotini. Boti huwezi. Ukigonga kwa nje, lazima kuwe na mtu kwa ndani anayebana chuma kizito chini ya ribiti, la sivyo inaruka tu. Nilikuwa nimekwepa jambo hili tangu Jumamosi, kwa sababu sipendi mtu awe karibu na kazi yangu kabla haijaisha.

Nilimwambia mama nahitaji mutu wa kushika chuma. Hakuuliza mara mbili. Akakunja kitenge, akatandika gunia, akaingia chini ya boti iliyopinduliwa na kichwa cha nyundo ya kuvunjia mawe, akalala chali. Nikaona visigino vyake tu. Tukapatana: yeye agonge mara moja kusema chuma kiko mahali pake, mimi nipige.

Tuliziba tundu la kwanza hivyo. Na la pili. Alikuwa anashika vizuri kuliko nilivyotegemea, hatikisiki, na kila ribiti ililala. Kati ya la pili na la tatu nilisikia anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na ule wimbo ndio ulionishinda. Niliweka nyundo chini. Nikaongea na bati, maana sikuweza kuongea na uso wake.

"Mama, matundu haiko saba."

Wimbo ulikoma. "Iko ngapi?"

"Trente-huit." Thelathini na nane, kwa Kifaransa, kama tunavyohesabu sokoni.

Maji yalikuwa yanapiga mawe. Mtu alikuwa anaita abiria wa mwisho wa boti ya alasiri.

"Na kule nyuma, penye umesha paka rangi?"

"Kule niliweka sabuni."

"Sabuni ya nani?"

"Yako."

Sikujua kama analia au anacheka, nami nilikuwa nalia tayari, kimya, nikiwa nimepiga magoti na paji la uso limegusa boti. Kisha nikasikia mgongo wake ukijisogeza juu ya gunia. Chuma kikagonga mara moja, chini ya kiraka cha tatu.

"Piga," akasema.

Nilipiga. Tulimaliza kiraka kile. Alipotoka chini alikuwa na vumbi jeupe kwenye nyusi. Hakunigombeza, na ningependa aseme chochote, hata tusi. Aliuliza maswali ya mfanyabiashara. Matundu madogo yanafungwaje bila sabuni? Nikamweleza: kila tundu dogo linatakiwa kupanuliwa, litiwe ribiti moja na gundi, ligongwe pande mbili. Mpaka jioni ya Jumatano tunaweza kumaliza mangapi? Nikamwambia yote, kama hatupumziki sana mchana, lakini hapatabaki muda wa rangi. Rangi inataka siku mbili peke yake.

"Basi rangi iache," akasema.

Nikamwambia watu wataona viraka vyote. Kwamba itaonekana kama sufuria ya mjane. Kwamba ametangaza kwa kila mtu kuwa boti imepakwa.

"Mama," akasema. Huniita hivyo, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Ziwa haiangaliake rangi. Toa ile bluu."

Kuitoa ile bluu kuliniuma kuliko kukiri. Kazi mbaya nimezoea kuiharibu mwenyewe. Ile ilikuwa nzuri, na nilikuwa naiharibu ikiwa bado inanata. Niliifuta kwa matambara na petroli, nikaichimba sabuni kwenye kila tundu kwa sindano. Yule kijana wa boti ya mbao alifika katikati ya kazi hiyo. Alitema maganda ya muwa.

"Jana ulikuwa unaosha. Leo unapaka. Sasa unatoa. Ma sœur, unajua zamu ni siku gani?"

Mama akajibu kutoka chini ya boti, alikokuwa anaisukuma sabuni kwa ndani, na yule kijana akaruka, maana hakujua kwamba kuna mtu humo.

"Anajua. Na weye uko unakula muwa ya nani kila siku?"

Akaondoka na muwa wake.

Viraka saba tulivimaliza Jumanne jioni, na Jumatano tulianza mapema na matundu madogo. Kupanua tundu ili kuliziba ni kazi inayopingana na kila kitu ndani yangu. Tundu la ncha ya sindano unalifanya liwe la penseli, kwa makusudi, siku moja kabla ya safari. Mara ya kwanza kekee iliteleza ikachora mkwaruzo mrefu. Nilitaka kuusugua mkwaruzo ule. Nilikuwa nimeshachukua kitambaa. Mama akagonga kutoka chini, mara mbili, mara tatu, kuuliza nimekwenda wapi.

Kuna ribiti moja, ilikuwa ya kumi na mbili, iliyolala upande. Ilikuwa inashika, niliivuta kwa koleo, haikusogea. Lakini kichwa chake kilikuwa kimepinda. Nikaikata, nikaweka nyingine, nayo ikalala upande. Nikaikata. Tundu likawa kubwa kidogo. Nilikuwa natayarisha ya tatu mama alipotoa kichwa chini ya ukingo wa boti.

"Uko unafanya nini? Tuliisha hii."

"Haikuwa nzuri."

"Ilikuwa inapitisha maji?"

"Hapana. Ilikuwa imepinda."

Alinitazama. Alikuwa amechoka, jasho limechora njia kwenye vumbi la mashavu yake, na mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka kwa uzito wa chuma.

"Weye unataka kuiona muzuri. Miye nataka kuiona kavu. Mukono yangu itafika kwa ngapi, kama kila moja tunaifanya mara tatu?"

Sikuwa nimeuhesabu mkono wake. Nilikuwa nimehesabu matundu, ribiti, saa, siku, kila kitu isipokuwa mkono ulioshika chuma. Toka hapo nilijiwekea sheria, na nilikuwa naisema kwa sauti ili nisiivunje: ikishika, tunapita. Ishirini na moja, imeshika, tunapita. Ishirini na nne, mbaya, imeshika, tunapita. Kila neno "tunapita" lilikuwa kama kuacha mlango wazi nyuma yangu, na bado nilipita.

Jioni tuliigeuza na kumwaga maji. Nililala chini kama siku zile nyingine. Matone mawili. Moja tuliliziba palepale kukiwa na mwanga wa mwisho. Jingine lilibaki kwa asubuhi, na asubuhi tulilimaliza wakati wauza chai wanawasha makaa.

Halafu ilibaki namba. Chama hakiruhusu boti isiyo na namba ubavuni, na ya kwetu niliisugua pamoja na vingine vyote. Nilichukua brashi nikaiandika kwa bluu juu ya alumini tupu, nikijua haitakauka kabla ya maji. Tarakimu ya mwisho ilitiririka. Ilikuwa ndiyo rangi yote iliyobaki kwenye boti ile wiki ile.

Pale Kituku hakuna anayekataa kuinua boti. Mtu akipiga mbinja, unaacha ulichonacho unakwenda, hata kama mna kesi. Yule kijana alikuwa tayari ameteremsha magunia yake ya kwanza karibu na boti yake ya mbao, kwa matumaini. Mama alipopiga mbinja, alikuja na wengine. Alishika ukingo karibu nami. Njia nzima hadi majini alikuwa anaangalia viraka vilivyokuwa mbele ya macho yake, vya duara, vyeusi kandokando kwa gundi, na vichwa vya ribiti vilivyopinda kila upande. Nilingoja dhihaka. Alisema tu, "Kumbe zilikuwa mingi," na akainua.

Wengine hawakunyamaza. Mmoja aliuliza kama boti imeugua surua. Mwingine alisema serikali itoe pole kwa risasi zote hizi. Walicheka, na mimi masikio yaliwaka, kwa sababu kila mtu aliyekuwa ufukoni asubuhi ile, na ni watu wengi, aliona kazi yangu ikiwa katika hali ambayo singemwonyesha hata dada yangu. Nilitaka kueleza. Nilitaka kumwambia kila mmoja kwamba rangi ipo, imebaki zaidi ya nusu kopo, ni muda tu. Badala yake niliingia majini mpaka magotini nikaishika boti isiguse mawe.

Mkubwa wa zamu alipanda ndani. Ni mzee mwenye maneno machache. Alipitisha kiganja sakafuni kuanzia nyuma mpaka mbele, kiraka kwa kiraka, akakiangalia kiganja. Kikavu. Akaruka mara mbili kwa miguu yote miwili katikati, mahali penye viraka vingi. Akapitisha kiganja tena.

"Nani alifunga hii bintu?"

Mama akanionyesha kwa kidevu.

"Basi huyu naye apande. Akae chini."

Alitoka, akaenda kwenye ubao. Kutoka pale nilipokuwa sikuweza kusoma, lakini niliona mkono wake ukiandika, haukufuta. Yule kijana alianza kubeba magunia yake kuyarudisha kwenye kivuli. Nilimwona, na sikufurahi kama nilivyofikiri ningefurahi. Naye ana mama.

Sikuwaambia kwamba sijui kuogelea. Nilivaa koti la kuokolea, nikakaa sakafuni kati ya magunia ya unga na miguu ya abiria, kiganja cha kulia kwenye ribiti ya kumi na mbili, cha kushoto kwenye zile za nyuma. Injini iliposhika, boti nzima ilianza kutetemeka na mimi nikatetemeka nayo. Nilisikia kila wimbi likigonga kila kiraka. Tulipofika penye kina kirefu, karibu na mguu wangu, ribiti moja ilitoa jicho dogo la maji. Likakua, likateremka. Likaja jingine.

"Mama," nikasema, "hapa inapitisha."

Mama alikuwa mbele anasimamia mizigo. Alikuja akitambuka watu, akainama, akaangalia. Aliangalia kwa muda wa matone matatu. Kisha akaangalia abiria mmoja, mwanamke aliyekuwa anapambana na mwavuli, mfuko, na trei mbili za mayai zilizofungwa kwa kamba. Mama akazichukua zile trei akaniwekea mapajani.

"Shikia huyu mama mayai yake. Kwa mikono mbili."

Nikazishika. Kwa mikono miwili, kwa sababu mawimbi yalikuwa makubwa na trei ya juu ilitaka kuteleza. Sikuweza tena kugusa ribiti yoyote. Niliweza tu kuona lile jicho likijaa na kuteremka, na mwanamke mwenye mayai akaanza kunisimulia kuhusu harusi anayokwenda, nani ameoa na nani hakualikwa, na ilibidi nimjibu. Mahali fulani katikati ya ziwa nilipoteza hesabu ya matone. Nilikuwa nimefika themanini na kitu.

Idjwi, magunia yaliposhushwa, maji yaliyokuwa yamekusanyika chini ya mguu wangu yangeenea kwenye kiganja. Wauza mananasi walikuwa wamekata, yamepangwa juu ya majani. Mama alianza kuwagombeza kuhusu ukubwa kabla hajakanyaga nchi kavu.

Ijumaa asubuhi, tukiwa tumesharudi Kituku na zamu iliyofuata ikiwa bado mbali, tuliipindua boti tena. Ile ribiti inayolia niliipata haraka. Niliikata, nikapanua tundu, nikaweka nyingine mara moja. Ya kumi na mbili niliiangalia muda mrefu, nikaiacha ilivyo. Kopo la rangi tulilifungua tena wiki iliyofuata.